Mikono Mitupu Ndani ya Karai

Niliripoti kazini kwa mara ya kwanza Jumatatu, tarehe mosi Julai, nikiwa nimevaa sketi ya sare ya shule niliyokuwa nimeishusha pindo, kwa sababu sikuwa na vazi lingine lenye heshima. Umri wangu ulikuwa mkubwa kuliko wa waajiriwa wapya wote. Nilikuwa nimeingia darasa la kwanza wakati wasichana wa rika langu wakiolewa, na nilimaliza masomo nikiwa tayari mke wa mtu. Kwa hiyo asubuhi ile sikutetemeka. Aliyeanza kusoma akiwa mtu mzima haogopi tena kuonekana hajui.

Msimamizi wa Majani Mabichi, mtu mrefu aliyehamishiwa Rungwe kutoka Tanga, alinisimamisha mbele ya rundo la majani ya chai lililokuwa limeshushwa kutoka kwenye lori.

“Binti, pua yako iko wapi?”

“Usoni, bwana.”

“Si mahali pake. Hapa kazini pua inakaa kwenye jani.” Akachota majani ya juu kwa viganja viwili akaniletea. “Unasikia harufu gani?”

“Nyasi mbichi.”

Akazamisha mkono hadi begani, akachota ya chini. “Na haya?”

“Ndizi zilizovundikwa.”

“Hayo yameungua. Jani lililoungua ni maiti, binti, na kiwanda si makaburi. Hilo ndilo somo lako la leo, la kesho, na la mpaka utakapostaafu.”

Nililishika somo hilo kama katekisimu. Nililisimamia katika kila kituo nilichopangiwa, na nilistaafu nikiwa nalo salama. Ndiyo maana yaliyonikuta Jumamosi moja ya mwaka huu, katika sherehe ya jumba letu dogo la makumbusho hapa Tukuyu, yamenishtua kiasi cha kunifanya niyaandike kwa ajili yenu vijana.

Kwanza mwelewe kazi yenyewe. Jani la chai halisemwi kuwa limeungua kwa sababu limeguswa na moto. Likishindiliwa ndani ya gunia bila kupata hewa, linajitengenezea joto lenyewe, linabadilika na kuwa jekundu kabla ya wakati wake. Sisi tulitaka wekundu huo uje kwa amri yetu. Majani yakifika kiwandani yalitandazwa juu ya vihori virefu vyenye wavu, upepo ukapita chini yake mpaka yakalegea. Hatua hiyo tuliita kunyausha. Yakaenda kwenye mashine za kukata. Yakaachwa yachachuke, yaani yageuke rangi kutoka kijani hadi shaba, huku msimamizi wa zamu akizunguka na kunusa kama mbwa wa mwindaji. Hapo ndipo yalipoingia kwenye kikaushio, halafu kwenye machekeche, halafu kwenye magunia ya karatasi. Kila hatua ilikuwa na mwenyewe. Mtu wa kikaushio hakuruhusiwa kutia pua kwenye machekeche, na mimi wa mapokezi sikuruhusiwa kuvuka mstari wa rangi ya njano uliochorwa sakafuni.

Baada ya kuthibitishwa kazini nilipelekwa Masukulu kuwa mkaguzi wa majani katika kituo cha ununuzi. Kituo kilikuwa banda la mabati lenye mizani ya kuning'iniza na meza ya kukagulia. Wakulima walifika na vikapu mgongoni, wanawake kwa wingi, nami niliingiza mkono katikati ya kila kikapu. Nilitafuta majani mawili na chipukizi lake, bila kijiti kigumu, bila umande wa kudanganyia uzito, bila joto. Maneno yangu yalikuwa mawili tu: “pita” au “rudisha”. Walinililia, walinitania, waliniita mkwe wao, shangazi yao, wengine waliniita majina ambayo mjane wa Kikristo hawezi kuyaandika. Sikuwahi kubadilisha neno. Meneja wa Mashamba alipokuja kukagua vituo alisema mbele ya makarani wote, “Mama huyu hata kikapu cha askofu angekirudisha.” Nilijibu, “Kama kimeungua, bwana.” Akacheka mpaka akavua kofia.

Kutoka Masukulu nilihamishiwa kituo cha Kinyala, na mwishoni nilirudishwa kiwandani, safari hii nikavuka mstari wa njano. Meneja wa Uzalishaji alikuwa ametafuta mtu mwenye ulimi usioharibiwa na ugoro wala pombe, akanichukua kwenye chumba cha kuonjea. Humo chai ilipangwa katika bakuli nyeupe za kauri. Mwonjaji huvuta kijiko kimoja kwa nguvu ili chai itapakae kinywani pamoja na hewa, husikiliza, kisha hutema kwenye ndoo. “Anayeonja hanywi,” aliniambia meneja yule siku ya kwanza. “Ukimeza umeshakuwa mgeni wa chai. Nataka hakimu.” Nilikuwa hakimu mpaka siku ya kustaafu kwangu, Ijumaa ya mwisho ya Juni.

Mume wangu hakuwa mwajiriwa. Alikuwa mkulima, na shamba la chai lililoko nyuma ya nyumba yetu alilipanda yeye kwa mikono yake, mstari kwa mstari, kwa kamba. Alifariki siku ya Alhamisi, mwezi Machi, wakati wa mvua kubwa, majani yakiwa mengi na hakuna wa kuyachuma. Shamba lilibaki kwa jina langu. Mwanangu Lugano alilihudumia vizuri. Sina la kumlaumu. Lakini katika misimu ya karibuni lori la kukusanya majani limekuwa likija leo, lisije kesho. Mkulima anachuma asubuhi, anasubiri kituoni mchana kutwa, jioni anayamwaga majani yakiwa yameshaiva ndani ya gunia. Majirani wameng'oa chai na kupanda parachichi. Ijumaa ile, mkesha wa sherehe, Lugano alikuja akaketi sebuleni akiwa ameshika kofia.

“Mama, miche ya parachichi iko tayari. Vijana wa kuchimba nimeshazungumza nao. Nasubiri neno lako.”

“Lini?”

“Jumatatu.”

Nilitazama nje dirishani, nikatazama tena ndani. Ana watoto wanaosoma, na parachichi lina mnunuzi anayekuja hadi mlangoni. Nikasema ndiyo. Sikulia. Baada ya yeye kuondoka nilikwenda kufunga kuku, nikapita njia ya mbele ya nyumba ili nisilione shamba.

Kesho yake Lugano mwenyewe alinipeleka makumbusho. Mkuu wa Makumbusho, binti mchapakazi aliyeletwa kwetu kutoka Dodoma, alikuwa ameniomba nisimame karibu na mashine ya zamani ya kukatia chai na kuwaeleza wageni ilivyofanya kazi. Jumba lilikuwa linaadhimisha mwaka mwingine tangu lifunguliwe, na safari hii aliamua kualika sanaa na mila za Asia. “Lakini si za kutazama tu, Bibi,” alinieleza. “Kila mtu ashike, afanye mwenyewe.”

Nilipoingia nilishtuka kwa mara ya kwanza. Mahali ambapo siku zote mikuki na ngoma hukaa kimya nyuma ya kamba, watu walikuwa wamejaa kama gulio. Mama mmoja mwenye asili ya Kihindi kutoka Mbeya alikuwa akichora hina, na foleni yake ilikuwa ya wauguzi waliotoka zamu, bado wamevaa viatu vyeupe. Meza ya pili walikuwa wakikunja karatasi kwa namna ya Kijapani. Mchungaji wetu, ambaye sijapata kumwona akicheza na kitu chochote, alikuwa amekunja ndege, na alipoona namtazama akamficha mfukoni. Meza ya tatu palikuwa na brashi na wino mweusi wa kuandikia herufi za Kichina. Mwalimu mstaafu wa hisabati alikuwa ameandika herufi moja ikatoka kama buibui aliyekanyagwa, na wajukuu zake walikuwa wamelala sakafuni kwa kicheko.

Mwisho wa ukumbi, karibu kabisa na mashine yangu, alisimama mwanamke mwembamba aliyevaa aproni ya bluu. Mbele yake palikuwa na jiko la mkaa, na juu ya jiko palikuwa na karai kubwa la chuma.

“Shikamoo, Bibi,” alinisalimu kwa Kiswahili kilichonyooka. “Mimi ni Mwalimu Mei. Nafundisha Kichina Mbeya. Nyumbani kwetu ni milimani, kama hapa. Leo nitatengeneza chai.”

“Marahaba. Utaichemsha?”

“Nitaitengeneza. Kutoka kwenye jani.”

Nilifikiri Kiswahili kimemchenga. Nikatazama nyuma yake kama kuna mashine. Hapakuwa na chochote ila ungo mmoja aliokuwa ameuazima sokoni.

Wakati huohuo akafika Mama Tumpe, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa Kinyala, akishuka kwenye bodaboda na gunia la majani alilokuwa amelikumbatia njia nzima, wenzake kadhaa wakimfuata nyuma. Wanawake wa kikundi chake walikuwa wamechuma kwa heshima zote za mgeni: majani mawili na chipukizi, hakuna kijiti hata kimoja. Na kwa heshima hiyohiyo, ili mgeni asipelekewe gunia lililolegea kama la maskini, walikuwa wamelishindilia kwa magoti na kulifunga kwa kamba ya katani.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Uliingia katikati ya gunia, ukakutana na joto. Nikanusa. Ndizi zilizovundikwa.

“Rudisha,” nikasema.

Mama Tumpe akaweka mikono kiunoni.

“Mwe! Gwe Bibi! Wewe umestaafu, lakini mkono wako haujapata taarifa?”

Watu wakacheka, nami nikaona haya kidogo, lakini Mwalimu Mei naye aliingiza mkono, akanusa, akatikisa kichwa. “Bibi anasema kweli. Haya hayafai.” Akaangalia mkaa wake uliokuwa umeshawaka. “Kuna shamba karibu?”

Wote waliokuwa pale walijua mashamba mengi ya karibu yalikuwa yameng'olewa. Lugano ndiye aliyesema, huku akitoa ufunguo wa gari mfukoni, “Lipo letu. Twendeni mkachume mnavyotaka. Jumatatu linang'oka.” Mama Tumpe alinitazama usoni, ucheshi wote ukamtoka. Alichukua vikapu akaondoka na wanawake wenzake, na waliporudi vikapu vilikuwa vimejaa nusu, vimelegea, vina hewa, na jani lilikuwa baridi. Niliingiza mkono. Nikasema “pita” kwa sauti ambayo sikuikusudia kuwa ndogo namna ile.

Mwalimu Mei aliyatandaza kwenye ungo. Tulimwacha mchoraji wa hina amalize foleni yake, majani yakanyauka kidogo. Halafu Mwalimu akapitisha kiganja juu ya karai kupima joto, akachota majani, akayamwaga ndani. Yakalia kama mvua ya kwanza juu ya bati. Kisha akaingiza mikono yake mitupu.

Nilipiga kelele. Sina aibu kuyaandika haya. Nilipiga kelele kama mtu aliyeona mtoto anaanguka kisimani, na sikujua kama nalilia mikono ya yule binti au nalilia jani.

“Unaliunguza!”

“Ndiyo, Bibi,” alisema bila kuacha kuyarusha majani juu na kuyadaka. “Kwanza naliua. Likifa sasa hivi haliwi jekundu tena. Linabaki kijani.”

“Kwa makusudi?”

“Kwa makusudi. Bibi yangu alifanya hivi, na bibi yake. Nyumbani, jikoni.”

Nilikuwa nimelinda jani lisife tangu siku nilipovaa ile sketi ya shule, na huyu alianza kwa kuliua. Na halikunuka ndizi. Ukumbi ulijaa harufu ambayo sikuwa na jina lake, mimi niliyelipwa kutoa majina ya harufu: kitu kati ya mahindi mabichi ya kuchoma na majani ya mgomba yanayopitishwa juu ya moto kabla ya kufungia chakula.

Aliyatoa, akayamwaga kwenye ungo, akaanza kuyafikicha kwa viganja, akiyazungusha kuwa donge, akilifumua, akiyazungusha tena. “Njooni,” akasema. “Leo ni siku ya mikono.” Wanawake wa Kinyala walisogea kwa woga, lakini woga haukudumu. Mama Tumpe aliyafikicha kwa mizunguko mitatu tu, akatangaza, “Kumbe hii ni kama kupukusa ulezi! Mbona walituambia ni sayansi?” Wakati wa kuyarudisha kwenye karai ili yakauke, alikunja mikono ya blauzi yake na kuingiza viganja vyake vilivyokomazwa na kukaanga karanga na mahindi. Hakuungua. Alicheka kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani.

“Bibi, zamu yako,” alinitania. “Au hakimu haguswi na moshi?”

Niliingiza mikono. Joto lilikuwa kali, lakini majani yenyewe yanakukinga ukiyatembeza haraka. Ukisita ndipo unapoungua. Niliyasikia yakibadilika kati ya vidole, kutoka ulaini hadi ukavu, kutoka ukavu hadi wepesi. Yale yote yaliyofanywa nyuma ya mstari wa njano na watu ambao sikuruhusiwa kuwakaribia yalikuwa yakitokea ndani ya viganja vyangu, chini ya pua yangu, kwa mkaa wa kawaida.

Mwalimu Mei aliyamwagia maji ya moto katika birika dogo, akamimina kwenye vikombe visivyo na mkono. Chai ilikuwa na rangi ya majani ya mchaichai. Akanipa kwa mikono miwili, nami nikapokea kwa miwili, maana hata kwetu ndivyo mtu anavyopokea kitu cha heshima. Nilivuta funda dogo kwa nguvu pamoja na hewa, kama nilivyofundishwa. Mchungaji aliyekuwa karibu alishtuka. Nilisikiliza. Ilikuwa na uchungu upande wa nyuma wa ulimi, ilikuwa na ukali wa jani letu la Rungwe ambalo halijazoea njia hiyo, lakini ilikuwa safi, na baada ya uchungu ulikuja utamu uliokaa.

Mkuu wa Makumbusho alikuwa ameniletea ndoo ya kutemea. Ndipo nilipomkumbuka mume wangu. Kila niliporudi kutoka chumba cha kuonjea aliniuliza, “Mama Lugano, leo umeionja yetu?” Nami nilimjibu siku zote kwamba haiwezekani. Majani ya wakulima wote humwagwa pamoja tangu kwenye lori. Hakuna chai ya fulani, kuna chai ya kiwanda. Alipanda, alipalilia, alipogoa, alichuma, alikufa, wala hakupata kujua shamba lake lina ladha gani. Na kumbe siku zote hizo palihitajika karai, ungo na kuni, vitu vilivyokuwa jikoni kwangu.

Nilimeza.

“Ikoje, Bibi?” Mwalimu Mei aliuliza.

“Imepita,” nikasema.

Lugano naye alionja, akakunja uso. “Mama, haya si maji ya mchicha?” Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi nikacheka pamoja nao, ingawa machozi yalikuwa yanatoka. Lakini nilimwona akirudi kuomba kikombe cha pili, akadai ni kwa sababu ya baridi.

Usiku wa Jumamosi na Jumapili yote nilizunguka na mshtuko ule kama mtu aliyebeba maji kichwani bila kata. Nawaambia ninyi mnaoanza kazi leo, wa hospitali, wa mashule, wa ofisi za wilaya na wa viwandani: tulifundishwa vizuri, na sitamruhusu mtu awakebehi wakuu wangu. Walijua kazi yao, na chai yetu nyeusi ilikuwa chai ya haki. Tulichofundishwa kilikuwa kweli, lakini tulidhani ni kweli yote. Nililijua jani linavyoingia mlangoni. Mwingine alijua linavyokauka. Mwingine alijua linavyofungwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuitengeneza chai. Tulikuwa kiwanda kizima, na tukistaafu, kila mmoja aliondoka na kipande kisichotosha hata kujaza kikombe cha nyumba yake. Ulizeni kazi yenu inaanzia wapi na inaishia wapi. Mkikatazwa kuvuka mstari, tiini. Lakini ulizeni kuna nini ng'ambo yake.

Sijui kama chai ya karai itampata mnunuzi. Mama Tumpe anasema ipo hoteli ya watalii itakayoitaka. Mama Tumpe husema mengi. Sipendi kuahidi nisichokipima.

Jumatatu Lugano alifika mapema na vijana wanne, majembe na sururu begani. Walinikuta katikati ya shamba, kikapu mgongoni, ninachuma. Umande ulikuwa umenilowanisha hadi kiunoni.

“Ugonile, Mama,” alinisalimu kwa lugha yetu. “Mbona uko humu?”

“Ndaga, mwanangu. Shamba halitang'olewa.”

Vijana walitazamana. Lugano alisogea karibu ili wasisikie, kwa maana ni mtoto aliyelelewa.

“Mama, Ijumaa ulisema ndiyo. Wewe mwenyewe. Tangu nizaliwe sijapata kukusikia ukirudisha neno.”

“Ni kweli.”

“Sasa kimebadilika nini? Lori bado haliji.”

“Ijumaa,” nikamwambia, “nilikuwa bado sijainywa.”

Aliitazama mistari ya baba yake inavyoteremka hadi mtoni. Kisha akawageukia vijana akawaonyesha kona ya chini, mahali ambapo migomba imekufa kwa mnyauko. “Mashimo ya parachichi yachimbeni kule,” akasema. Walipokwisha kushuka, aliweka jembe lake chini, akachukua kikapu cha pili kilichokuwa ukingoni mwa shamba, akaingia mstari wa jirani na wangu. Alichuma ovyo, majani yakiwa na vijiti vigumu vingi. Nikaingiza mkono kikapuni mwake, nikamwambia, “Rudisha.”